Ukurasa wa Februari

Kila asubuhi Idalia Menjívar alikuwa na kazi tatu katika jiko la mama yake: kukata kabichi ya kachumbari, kupangusa meza sita zilizotazama ufukwe, na kuhakikisha taa ya Kuku inawaka kijani. Kuku lilikuwa jina la mashine ndogo, yenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, iliyokaa kwenye rafu juu ya friji. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma ili chumvi ya bahari na mafuta ya kikaango visiifikie. Mama yake ndiye aliyeipa jina hilo. Alisema inakaa mahali pamoja siku nzima ikilalia mayai yao.

Mama huyo aliitwa Niña Orbelina. Kwetu Las Conchitas, kijiji cha pwani, kila mwanamke mwenye jiko lake huitwa Niña, hata akiwa na wajukuu kumi. Wateja wake wengi walikuwa vijana waliokuja kuteleza juu ya mawimbi kwa mbao, wakarudi ufukweni na njaa ya kutisha. Walikula pupusa, mikate ya mahindi yenye maharage au jibini ndani, tatu tatu, kisha wakalipa kwa simu, kwa bitkoini, fedha ya mtandaoni. Kabla mtu hajapangusa midomo, malipo yalikuwa yamefika.

Idalia alipokuwa na miaka kumi na moja alitaka kujua yanafikaje. Mama yake alimweleza huku akiupigapiga unga wa mahindi katikati ya viganja. Alisema bitkoini ina daftari kuu moja linaloonwa na dunia nzima, lakini kuandika humo kuna ada, tena kunachukua muda. Hakuna atakayesubiri nusu saa na kutoa ada ya dola nzima kwa ajili ya pupusa mbili za maharage. Kwa hiyo yeye na Don Wilber, muuza barafu, walikuwa wameweka fedha zao katika sanduku moja. Sanduku hilo liliandikwa mara moja tu katika daftari kuu na lilikuwa na kufuli mbili, kila mmoja na yake. Mteja akilipa, malipo hupita mashine kwa mashine hadi kwa Don Wilber, naye humhamishia Niña Orbelina kiasi kilekile kutoka fungu lake. Hapo hapo mashine zao mbili huandika ukurasa mpya, hizi zako, hizi zangu, na zote mbili hutia sahihi. Siku mmoja akitaka kuacha, huupeleka ukurasa wa mwisho kwenye daftari kuu na sanduku hufunguliwa.

Idalia alikuwa mtoto wa kuuliza. Aliuliza itakuwaje mtu akipeleka ukurasa wa zamani, wa siku alipokuwa na fungu kubwa zaidi.

Mama yake aliacha kupiga unga. "Swali zuri hilo. Kila tukiandika ukurasa mpya, mimi humpa Don Wilber ufunguo wa ukurasa wangu wa zamani, na yeye hunipa wa kwake. Ukipeleka ukurasa wa zamani, fedha zako zinazuiwa siku nzima kwanza. Ndani ya siku hiyo mwenzako anatumia ule ufunguo na kubeba sanduku lote. Siyo fungu lake tu, lote, mpaka senti ya mwisho."

"Na kama mwenzako amelala?"

"Don Wilber ana mashine nyingine kwa dada yake kule Santa Ana. Kazi yake ni kulitazama daftari kuu mchana na usiku. Mimi na Don Wilber ni majirani wazuri, mwanangu, lakini njia hii haikujengwa juu ya ujirani mwema. Ndiyo maana sote wawili tunalala usingizi."

Mwaka mmoja ulipita. Fungu la Niña Orbelina katika sanduku lile likawa dola elfu mbili na mia saba, jasho la miaka mitatu mbele ya kikaango. Ijumaa ya wiki ninayoisimulia alitakiwa kumlipa elfu mbili na mia tano mwenye kiwanja, bwana mmoja wa mji mkuu. Huyo alikuwa amesema wazi kwamba Ijumaa ikipita, kuna watu wa hoteli wanaokitaka kiwanja hicho. Jiko, meza sita na chumba cha nyuma walimolala, vyote vilisimama juu ya kiwanja hicho.

Jumatano walimu walikuwa na mkutano, kwa hiyo hapakuwa na shule. Niña Orbelina alikwenda bandarini La Libertad kununua jibini na kumwachia Idalia jiko lililofungwa. Alimwagiza asage mchele na mdalasini wa kinywaji cha horchata, na akamkumbusha kwa mara ya mia kwamba soketi ya juu ya friji ni ya Kuku peke yake.

Soketi ya chini ilikuwa na kutu na ilitoa cheche. Idalia aliitazama, akatazama ya juu. Akajiambia ni dakika mbili tu. Aliichomoa Kuku, akaweka blenda juu ya friji na kuiwasha bila kukaza kifuniko. Horchata iliruka mpaka darini. Ilimiminika kwenye rafu, ikapenya kitambaani na kuingia ndani ya mashine kupitia matundu ya pembeni.

Alifuta, akapuliza, akaianika juani, kisha akaichomeka tena. Ilitoa harufu ya kitu kinachoungua na taa haikuwaka. Idalia aliichomoa upesi. Alisimama na kitambaa mkononi na hakuweza kufikiria kitu chochote ila Ijumaa.

Alimkimbilia binamu yake Osmín, mwenye miaka kumi na minne, mwanachama wa klabu ya mashine shuleni. Osmín hakuwahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Alifungua ile mashine, akanusa, akasema imekufa pamoja na memori kadi yake. Kisha akatabasamu. Alikumbuka kwamba Februari, Niña Orbelina alimwomba anakili kadi ile kwa usalama, na nakala ilikuwa kwenye kopo la vifungo. Klabu nayo ilikuwa na mashine ya akiba iliyofanana kabisa na Kuku, na yeye ndiye aliyeitunza kwao.

"Tunachomeka, tunafunika kitambaa, kwisha habari," alisema. "Shangazi hatajua kitu."

Idalia aliuliza kama si bora wamwambie mama. Osmín akamuuliza kama anataka kulala nje. Ukweli ni kwamba Idalia hakuhitaji kushawishiwa sana. Aliogopa uso wa mama yake kuliko kitu kingine chochote duniani, na mtu mwenye hofu hukubali upesi mlango wowote anaofunguliwa.

Kadi ilikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa kwa mwandiko wa mama yake, Februari 11. Waliichomeka. Taa iliwaka kijani, na Idalia nusura alie kwa furaha. Alikuwa anajua nywila, maana kila jioni yeye ndiye aliyemsomea mama yake salio. Aliiandika kwenye simu ya Osmín, na salio likatokea: dola elfu tatu na mia moja.

"Zimeongezeka," alisema.

"Si nilikuambia?" alisema Osmín.

Hazikuwa zimeongezeka. Lilikuwa salio la Februari, kabla Niña Orbelina hajamrudishia Don Wilber fedha za mabati ya paa jipya. Kadi haikujua lolote kuhusu mabati. Ilikuwa imebaki palepale Februari, na watoto wale wawili waliitazama kama watu waliookota hela njiani.

Kisha yakatokea maandishi mekundu. Mashine ya Don Wilber ilikuwa inakataa kuzungumza na hii, ikisema kurasa hazilingani. Chini yake palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Funga njia kwa nguvu" na onyo refu la herufi ndogo. Osmín hakulisoma. Alisema mashine ya Don Wilber imezeeka kama mwenyewe, na kwamba wakifunga njia fedha zitateremka kwenye daftari kuu, halafu kesho zitaingia kwenye simu ya mama tayari kwa Ijumaa. Idalia alisoma nusu ya onyo. Maneno aliyokutana nayo yalikuwa "ukurasa wa zamani". Kitu kilimgusa moyoni, sauti ya viganja vikipiga unga, lakini saa ilikuwa inakwenda na mama alikuwa njiani.

Alibonyeza.

Mwanzoni palikuwa kimya. Waliirudisha mashine kwenye rafu na kitambaa kilichofuliwa juu yake, wakaosha dari. Baada ya nusu saa Idalia alichungulia tena. Fungu la mama yake lilikuwa sifuri. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: sanduku lote limechukuliwa na upande wa pili kwa ufunguo wa ukurasa uliobatilishwa.

Sasa alilikumbuka neno kwa neno. Siyo fungu lake tu, lote, mpaka senti ya mwisho. Akakaa sakafuni na kuegemea friji. Osmín naye alikuwa amebadilika rangi. Alinong'ona kwamba watasema wezi wa mtandaoni wameingia, kwani wezi hao huingia hata kwenye benki. Kisha akasema mama yake anamwita, ingawa hakuna aliyesikia mtu akiita, akaondoka.

Niña Orbelina alirudi saa tisa na kufungua jiko. Saa kumi meza zote sita zilikuwa zimejaa, na Idalia alipeleka sahani kwenye meza zisizoziagiza. Mama yake alimgusa paji la uso na kumuuliza kama ana homa. Alisema hana. Kila aliposikia gari barabarani aligeuka kutazama, bila yeye kujua ni gari lipi analiogopa.

Lilikuwa la Don Wilber. Alikuwa mzee mnene, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, na siku hiyo hakumsalimu mtu. Alisimama katikati ya meza, simu mkononi.

"Niña Orbelina," alisema, "miaka sita nakuletea barafu. Siku mume wako alipoondoka nilikuletea bila kukudai. Leo umenipelekea ukurasa wa Februari. Wa kabla ya mabati."

Vijiko vilisimama. Niña Orbelina alikuwa na pupusa mbichi kiganjani. Alisema hajapeleka ukurasa wowote, alikuwa bandarini tangu asubuhi. Don Wilber alimwonyesha simu. Mashine ya Santa Ana ilikuwa imeuona ukurasa wa zamani kwenye daftari kuu na imetumia ufunguo. Alisema hakulilia fedha, fedha sasa zote zilikuwa kwake na kwa haki kabisa. Alichotaka ni kujua tangu lini jirani yake amekuwa mwizi.

Mwanamke mmoja wa meza ya pembeni akamnong'oneza mwenzake. Kufikia jioni kijiji kizima kingejua, na neno lile halifutiki kwa maji. Niña Orbelina alishika ukingo wa friji. Aliomba wasihukumiane haraka, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika, kwamba labda wezi wa mtandaoni wameingia.

Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa tena, na safari hii aliyeufungua alikuwa mama mwenyewe. Idalia angeweza kunyamaza tu. Alimtazama mama yake, aliyekuwa anaomba kuaminiwa mbele ya watu waliokula chakula chake kila siku, akaona kwamba yeye Idalia ndiye anayemfanya aonekane mwongo. Hofu haikupungua hata kidogo. Alizungumza nayo hivyohivyo.

"Si wezi, mama. Ni mimi."

Alieleza yote, soketi, horchata, kadi ya kwenye kopo la vifungo, kitufe. Don Wilber alimwambia akae, akaendelea. Alipofika kwa Osmín, aliyeondoka akisema anaitwa na mama yake, aliongeza upesi kwamba aliyebonyeza ni yeye Idalia. Mama yake aliweka chini ile pupusa mbichi. Alikwenda kwenye rafu, akaondoa kitambaa na kuitazama ile mashine ngeni. Nyuma ya mfuko wa unga, ilikofichwa, aliikuta Kuku, yenye harufu ya mdalasini na plastiki iliyoungua.

Don Wilber aliomba aione kadi. Alisoma ile karatasi ndogo, akaisoma tena.

"Nisingekuja leo, ungemwambia mama yako?" aliuliza.

Idalia alijua jibu zuri lilikuwa lipi. Machozi yalimtoka. "Sijui, Don Wilber. Nadhani ningenyamaza."

Mzee alivuta kiti akakaa, kikalia. Wateja wakaanza kula tena, polepole. Kila mtu pale alijua kwamba hakuna sheria inayomlazimisha kurudisha hata senti moja. Daftari kuu lilikuwa limekwisha amua. Niña Orbelina alimwambia, bila kumtazama, kwamba anajua makubaliano yalivyokuwa na hatamwomba kitu.

"Ukurasa wa jana unasema elfu mbili na mia saba zako, mia tisa zangu," alisema Don Wilber hatimaye. "Ninao. Nitakupa zako kama ulivyosema ukurasa wa jana. Ila ada zote za daftari kuu, za leo na za kesho, atazilipa huyu. Jumamosi mbili kiwandani kwangu, kufungasha barafu. Na yule binamu anayeitwa na mama yake asiyemwita, naye aje."

Watu wakacheka. Idalia hakuweza, kwani fedha zilikuwa bado hazijaonekana. Siku ile hakula. Alhamisi darasani hakusikia somo hata moja. Kila mlango ulipofunguliwa alifikiri ni mtu wa hoteli. Labda Don Wilber angebadili mawazo. Labda mashine ya Santa Ana ingekataa. Alirudi nyumbani mbio, akamkuta mama yake mlangoni na simu mkononi. Dola elfu mbili na mia saba zilikuwa zimeandikwa katika daftari kuu chini ya kufuli yake peke yake. Mama yake alimwonyesha, kisha akamkumbatia, na hapo ndipo wote wawili walipolia.

Ijumaa karatasi ya kiwanja ilisainiwa juu ya meza ya tatu, ile yenye mguu mfupi.

Jumamosi Idalia na Osmín walifungasha barafu hadi vidole vikafa ganzi. Osmín aliuliza, akipuliza viganja vyake, kwa nini mashine iwe katili hivyo kwa watu ambao hawakuwa na nia ya kuiba. Don Wilber alifunga mfuko aliokuwa nao kabla ya kujibu.

"Siyo katili. Haina masikio tu. Inaona ukurasa wa zamani, inapiga, na ni vizuri ipige, la sivyo mimi na mama yake huyu tungekuwa tunalindana usiku kucha. Mwizi na mtoto mwenye hofu kwake ni kitu kimoja. Mimi ndiye mwenye masikio. Lakini ningesikia nini kama huyu angenyamaza?"

Jioni ile Niña Orbelina alimwita Idalia jikoni. Mashine mpya ilikuwa kwenye rafu, na njia mpya kati yao na Don Wilber ilikuwa imefunguliwa asubuhi. Soketi ya chini ilikuwa imetengenezwa. Juu ya jiwe la kusagia palikuwa na ile memori kadi ya Februari.

"Usidhani kosa ni lako peke yako," alisema mama yake. "Mimi ndiye niliyeiweka kwenye kopo, na mimi ndiye niliyekuwa nazipigia kelele soketi bila kukueleza sababu. Ila sikiliza. Kilichoandikwa humu kilikuwa kweli siku ile. Baadaye mambo yakabadilika, na aliyeonyesha cha zamani kama ndicho cha leo amedanganya, hata kama hakusema neno. Ulipoifunika ile mashine kitambaa ulifanya hivyohivyo. Ukiharibu kitu, niambie siku ileile, kikiwa bado kibichi. Nitakasirika, hilo nakuahidi. Lakini hatutalala nje."

Alimpa mchi. Idalia aliipiga kadi mara tatu mpaka ikawa vipande, akavifagia na kuvitupa. Kisha akasimama kidogo na ufagio mkononi.

"Mama," alisema, "na kifuniko cha blenda nacho kimepasuka."

Mama yake alikunja uso. Halafu akamsogezea kikapu cha mboga, akasema Jumatatu watanunua kifuniko kingine, na akamwambia akate kabichi, wateja wanakuja.